Kidonge Kilichotoka Kizima

Sijaona watu wanaojipenda kama watafiti wa dawa. Nawasema bila kuona haya kwa sababu mimi ni mmoja wao. Kila Jumatano asubuhi tulikusanyika katika chumba cha mikutano cha chuo, Braamfontein, kila mtu na kompyuta yake, tukasifiana mpaka sambusa ziishe. Mmoja anaonyesha mstari wa grafu yake kwenye ukuta, wengine wanatikisa vichwa, halafu zamu inahamia kwa mwingine. Sambusa zenyewe zilikuwa za jana.

Kazi yangu ilikuwa ganda. Kuna vidonge ambavyo haviyeyuki vyote kwa mara moja. Nje vina ganda gumu lenye tundu dogo lililotobolewa kwa leza, na ndani kuna dawa. Ukimeza kimoja, maji ya tumboni yanapenya gandani, kitu kilicho chini ya dawa kinavimba, kinaisukuma dawa itoke tunduni kidogo kidogo, kutwa nzima. Mgonjwa anameza mara moja kwa siku na mwili wake unapata kiasi kilekile asubuhi na jioni. Mimi nilitafuta ganda la bei nafuu zaidi. Nilikaa mbele ya chombo cha glasi chenye maji ya joto la mwili, nikichota sampuli kila saa, na mstari wangu ulipokuja kunyooka kama rula niliona nimefika.

Msimamizi wangu, profesa aliyekuwa na suti moja ya kahawia, alipenda kusema kwamba uzuri wa mfumo huu ni kuwa mgonjwa hana la kufanya ila kumeza. Tulicheka kila alipolisema. Mimi nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu, mtu mzima na akili zangu.

Wakati huo niliishi Fordsburg kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alitoka Tanga zamani, akafiwa na mume huku, akabaki na kiduka cha viungo, udi na khanga. Mimi nilikuja kwa ufadhili wa masomo, naye akanipa chumba chenye dirisha na yeye akachukua kile kisicho nalo. Alikuwa na presha. Kliniki ilipombadilishia dawa wakampa kidonge cha aina hiihii ya ganda na tundu. Mtu mwingine angekaa naye kitako akamweleza. Mimi nilikipiga picha nikamtumia profesa.

"Mwanangu, mbona kigumu hivi? Kinayeyuka saa ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza, amekishika kwenye mwanga.

"Meza tu, mama mdogo. Hayo mengine ya kitaalamu."

Akameza. Alikuwa mtu wa kuheshimu kisomo kuliko mimi niliyekuwa nacho.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Tumbo lilimsumbua, kliniki wakamtaka apeleke choo kikapimwe, wakampa kikopo. Katika kujaza kikopo akakiona kidonge chake. Kizima, hakina hata ufa. Akakitoa, akakiosha kwa sabuni mara tatu, akakifunga kwenye karatasi ya chooni, akaja kubisha mlango wangu. Nilikuwa napanga rangi za mistari kwa ajili ya mkutano.

"Una nafasi kidogo?"

"Sina, mama mdogo. Kesho."

Kesho hakuja tena. Alikuwa ameshapata jibu mwenyewe, tena jibu la mtu anayeijua kazi yake. Maisha yake yote ameuza viungo. Anajua kwamba iliki nzima ukiitupa kwenye sufuria inatoka kama ilivyoingia, na kwamba karafuu, mdalasini na pilipili manga vinatoa kilichomo vikitwangwa. Dawa iliyotoka nzima ni dawa ambayo haikutwangwa. Basi akachukua kinu kidogo cha shaba, cha kutwangia iliki za wateja, akakiosha vizuri, na kila asubuhi akawa anakisaga kidonge mpaka unga laini, anauchanganya na asali, anaulamba.

Alichokuwa hajui, na ambacho mtu mmoja ndani ya nyumba ile alikijua kuliko watu wengi wa mji huu, ni kwamba lile ganda hutoka hivyohivyo. Dawa imeshatoka tunduni, ganda tupu linapita zake. Na ukilivunja, dawa ya kutwa nzima inamwagika mwilini ndani ya dakika chache.

Uso ukaanza kumwaka moto asubuhi. Kichwa kikawa chepesi, miguu mizito. Akafurahi! Akaniambia tukiwa mezani, "Dawa sasa naisikia. Mwanzo walikuwa wananidanganya."

"Vizuri," nikasema. Nilikuwa nasoma simu. Hata sikuinua macho.

Jumatano ile nilikuwa nimesimama mbele ya watu, mstari wangu ukutani, simu ikaita. Nikaigeuza uso chini. Ikaita tena, nikaizima sauti. Mara ya tatu nikaomba radhi, nikatoka nje kwa hasira. Alikuwa jirani yetu wa dukani, mshonaji, mwanamke wa Lubumbashi.

"Dada, kuya mbio! Mama yako ameanguka hapa ku magazini."

Teksi ilisimama kwenye kila robot, hizo taa za barabarani, kati ya Braamfontein na Fordsburg. Nilimkuta mama mdogo dukani, sakafuni katikati ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya mshonaji. Kinu kilikuwa juu ya kaunta, na pembezoni mwake unga wa rangi ya waridi, rangi ya kidonge chake. Niliutambua kabla sijaugusa.

"Anatwangaka dawa yake kila asubui," mshonaji akasema. "Aliona ile kidonge imetoka nzima ku choo. Mi nilimuambia, uliza mtoto wako, ule wa université. Akasema, ule iko na kazi mingi."

Nitasema ukweli, maana nimewasema wenzangu. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Nilimdharau. Nilimwona mwanamke wa sokoni aliyeharibu miaka ya kazi ya watu wenye akili kwa kinu cha iliki. Na nilimwambia, palepale sakafuni, mbele ya mshonaji: "Nani kakwambia utwange dawa?"

Alijaribu kunijibu. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa hausogei.

Hospitali walisema presha ilishuka ghafla mno, damu haikufika vizuri kichwani. Ataishi, lakini mkono wa kulia hawakuweza kuuahidi. Nikiwa kwenye varanda nilimwandikia profesa kwa nini nimeuacha mkutano, na kwamba mama wadogo wa watu huko nje wanatwanga vidonge vyetu kwa sababu wanaona ganda chooni. Alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu sura yoyote ya tasnifu yangu. Pole sana, aliandika. Kisha: kwa hiyo ganda lilipita utumbo wote bila kupasuka? Hiyo ni habari nzuri.

Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa sauti, mlinzi akageuka kunitazama. Kibaya zaidi ni kwamba hata mimi, njiani kwenda hospitali, nilikuwa nimeliwaza jambo hilohilo.

Jioni alikuja nesi na fomu. Kizulu cha mama mdogo kilikuwa cha kupatana bei, na Kiingereza alikuwa nacho kidogo kuliko hapo, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Nesi aliuliza umri, nikauliza, akajibu. Aliuliza dawa alikuwa anazinywaje, nikauliza, akaeleza yote, kikopo, sabuni, kinu, asali, taratibu, neno moja moja, nami nikageuza kila neno kuwa Kiingereza. Nesi hakucheka. Aliandika.

"Eish, mama," akasema. Kisha akaniuliza mimi, nimuulize yeye: nyumbani kwake kuna mtu yeyote anayefahamu mambo ya dawa, ambaye angeweza kumweleza?

Nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

Mama mdogo alinitazama bila hasira, mkono wa kulia umelala juu ya shuka.

"Mwambie hakuna," akasema.

Nikamwambia.