Mama Funga-Mlango

Kazini walimwita Mama Funga-Mlango, na mwenyewe alijua, wala hakuwa na habari nao. Dada yangu ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba cha baridi kwenye ghala la maparachichi ya kwenda ng'ambo. Ukichelewa kuvuta mlango kidogo tu, utamsikia: "Funga mlango! Kwani kwenu hakuna milango?" Hata nyumbani alitufokea vivyo hivyo, na mama alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mwanangu kaolewa na mlango," alikuwa akisema.

Lakini alikuwa na sababu. Msimu mmoja mpakiaji alisimama pale mlangoni akipiga soga kwenye simu, mlango wazi, joto linaingia. Parachichi likishaonja joto, hata ulirudishe kwenye baridi, limeshaanza kuiva. Mzigo ukafika ng'ambo umelainika, ukamwagwa wote, na wakulima wakaambulia patupu. Dada alilia kama aliyefiwa. Ndipo akamwendea bosi na shauri lake: simu zote zibaki kwenye sanduku kwa mlinzi wa getini, na kontena likianza kupakiwa, mtu asitoke wala asiitwe mpaka lifungwe. Watu walimnunia, wee! Ila maparachichi yakaanza kufika magumu, mazuri, na wanunuzi wakarudi.

Mama alikuwa anaugua kifua. Asubuhi ile alikunywa uji vizuri, akamwambia dada, "Nenda mwanangu, matunda hayangoji." Jua halijapanda sana, akabadilika. Nikampigia dada. Simu ikaita, ikaita, haipokelewi. Iko ndani ya lile sanduku. Nikamtuma jirani kwa pikipiki. Mlinzi akamjibu kupitia dirisha lake, "Wanapakia, na amri ni ya Mama Funga-Mlango mwenyewe. Nikimwita atanila mzima mzima." Jirani akabembeleza, akagombana naye, wapi!

Huku nyumbani upepo ulikuwa unaingia, nikainuka nifunge mlango. Mama akanishika mkono. "Uache wazi," akasema. "Nimwone akija."

Hakuyatoa macho mlangoni mpaka mwisho.

Dada alifika anakimbia, na koti lake la baridi na mabuti, jasho linamtiririka. Alikuta nimeshamfumba mama macho. Aliuliza neno moja tu: "Aliniulizia?" Nikamwambia yote, maana angefanya nini na uongo wangu?

Msibani mama mmoja alinong'ona kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nusura nimrushie kiatu. Bosi naye akaja na pole zake, akatueleza kwamba mzigo wa siku ile umefika salama, hakuna tunda hata moja lililoharibika. Nilimwambia usoni, "Heri yangeoza yote!" Dada akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Amerudi kazini. Simu anaiweka sandukuni kama wengine. Bosi alimruhusu aingie nayo, akakataa. Hafokei mtu tena. Wapakiaji wanafunga mlango wenyewe, kimya kimya, na nasikia wanatamani awatukane.

Jana jioni baridi ilikuwa kali. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha mama, koti begani, mlango wa chumba wazi kabisa. Nikaushika niufunge. "Dada, tutaganda humu."

"Uache," akasema. "Bado hajaniona."