Alipoulizwa Akanyamaza

Katika kituo chetu cha kununulia karafuu kule Wambaa, miye nilikuwa mshona magunia, na ndiye mtu pekee kituoni mwenye cheti cha masomo ya jioni. Nilikitaja kila siku mpaka wenzangu wakaacha kunisikiliza.

Kwenye mizani alikaa binti mmoja mwenye sauti. Akisoma kilo, walioko Makoongwe walizisikia, na bahari iko katikati. Hakujua kunyamaza: aliwatania wakulima, aliwakaripia mbuzi, hata mizani yenyewe aliizungumzisha. Karibu yake alisimama mkaguzi, kijana mpole wa Mgogoni. Kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya gunia, kutoa karafuu na kuivunja moja ajue kama imekauka. Msimu ule akaanza kukagua hata magunia aliyokwisha kuyakagua, almuradi yako karibu na mizani.

"Yakhe," nikamwambia, "gunia hili umelitia mkono mara saba. Karafuu zishaanza kuona haya."

"Kazi ni uhakika," akajibu, masikio yamemwiva kama pilipili.

Kabla msimu haujesha akapeleka posa. Barua niliiandika miye, kwa mwandiko uliostahili kutundikwa ukutani, na mjomba wake akaifikisha. Baba wa binti akaridhika. Akasema lililobaki ni mwenyewe kuulizwa.

Kwetu mwari akiulizwa habari ya posa, hasemi. Akinyamaza, ndiyo kakubali. Basi shangazi yake akamuuliza, naye akainamisha kichwa, kimya, kama alivyofunzwa. Kwa binti mwengine yeyote mambo yangekwisha pale pale. Lakini bibi yake aliyemlea akashtuka.

"Huyu, kunyamaza? Tangu azaliwe hajanyamaza huyu! Kanuna, hamtaki. Msinilazimishie mjukuu wangu."

Jawabu likazuiwa. Binti, kwa kuona hawajamfahamu, akazidi kunyamaza. Kazini kilo akawa anamnong'oneza sikioni karani aliyeziandika, na mkaguzi akimtazama, yeye binti anageuza uso kwa haya. Kituo kikapoa hata tukawasikia mchwa wakitafuna nguzo.

Siku ya nne mkaguzi akaniletea karatasi. "Hebu nitazamie lugha."

Ilikuwa barua ya kuomba uhamisho wa Unguja.

"Hanitaki," akasema. "Nitasimamaje hapa kila siku, naye yuko pale?"

Nikaitia mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwenye mizani.

"Bi dada, mwenzio anahama."

"Anahama?" Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake wiki ile. "Miye n'shanyamaza siku nne, taya zaniuma! Wataka ninyamaze vipi ndiyo wafahamu?"

"Kamwambie bibi yako."

"Nimwambie mwenyewe? Watu watasemaje, mwari kajiposa?"

Nikaona cheti changu kimepata kazi. Nikamfuata bibi nyumbani, nikamweleza yote, na chumvi nikaongeza: kwamba kijana hali wala hanywi, tumeshaanza kumtafutia sanda. Bibi akainuka papo hapo. Alichukua bakora yake akaniongoza njia, na miye ndiye niliyekuwa nikihema.

Akapita kando ya foleni ya wakulima mpaka kwenye mizani.

"Nitazame. Kijana huyu wamtaka, humtaki?"

Binti akatazama chini. Akamtazama mkaguzi, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya gunia mpaka kwapani na amesahau kuutoa.

"Namtaka, bibi." Alisema polepole, lakini alisema.

"Basi Ijumaa waje na pete."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele. Mkaguzi akacheka, akafuta macho kwa mkono mmoja. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni akangoja watu watulie.

"Mwenyezi Mungu awape kheri, wanangu," akasema. "Sasa mmoja wenu atoe mkono kwenye gunia langu, na mwengine alipime. Niko hapa tangu alfajiri."