Maharagwe katika Bidon ya Jirani

Kwenye vilima vyetu hapa Masisi hakuna mwingine aliyewahi kulipwa mshahara kwa kusoma maandishi ya kale juu ya ngozi ya kondoo. Mimi nililipwa. Sikusomeshwa na tajiri wala na padri. Niliuza jibini, nikaosha vyombo Ulaya, nikajilipia karo, na diploma yangu ya utunzaji wa nyaraka iko ukutani kwa mama, ndani ya kioo. Wanaosema najivuna wana haki. Waende nao wakaitafute.

Kazi yangu ilikuwa Wales, nchi ya vilima na mvua iliyo ubavuni mwa Uingereza. Familia za mabwana wa ardhi wa huko ziliacha masanduku ya maandishi: hukumu za mabaraza yao, mikataba ya ndoa, ramani, majina ya wakulima waliokaa chini yao. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali, alinifundisha nisianze kwa kuuliza nani alisema shamba ni lake. Niulize nani alileta na nani alipokea. Nilisoma juu ya mkulima aliyempelekea bwana kuku kila Krismasi, pengine kwa ujirani tu. Mwanawe akaendelea. Mjukuu aliposimamishwa mbele ya baraza, kuku alikuwa ameshakuwa kodi, na shamba lilikuwa la mpokeaji. Tangu hapo nikiona zawadi, natazama kwanza mkono unaopokea.

Niliporudi, baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa peke yake kilimani na shamba lake la maharagwe, kilima ambacho baba alipewa na shefu wa zamani, chifu wa eneo letu. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na jirani mwenye ng'ombe wengi. Mke wake alikuwa rafiki wa mama tangu ujana wao. Walikaa benchi moja kanisani. Kila juma mke huyo alileta maziwa katika bidon, dumu dogo la njano, na mama hakuirudisha tupu. Kwetu kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu kwamba umemaliza naye. Kwa hiyo mama aliijaza maharagwe.

Mwanzoni nilikunywa maziwa, nikanyamaza. Kisha nikaona maziwa yanapungua. Siku moja bidon ilifika haina kitu, na mama akaijaza vilevile.

"Mama, maziwa iko wapi?"

"Ngombe zimekauka, mutoto yangu. Jua iko kali."

"Sasa maharagi ya nini?"

"Bidon hairudie bure. Ao Ulaya walikusahaulisha?"

Baada ya mavuno jirani alituma neno kwamba mama asisumbue mke wake kubeba. Alete maharagwe mwenyewe, Jumapili, baada ya misa. Saa hiyo uani kwake hujaa watu. Mama aliona ni heshima. Mimi niliona mashahidi. Hapa kila mtu anajua kwamba anayelima ardhi ya mwingine humpelekea mwenye ardhi sehemu ya mavuno, tunaiita mutulo. Na shefu wetu mpya alikuwa ametangaza kwamba atapita vilimani kutambua nani anashika wapi.

"Usiende," nikamwambia mama.

"Bale bazungu walikufundisha kuogopa maharagi?"

"Walinifundisha kuuliza nani analeta."

"Basi ujiulize wewe. Mimi rafiki yangu ananingojea." Akajitwika kikapu, akaenda.

Sikubishana tena. Nilipanda pikipiki kwenda Walikale, kisha nikatembea msituni hadi Itebero kwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alikuwapo baba alipopewa kilima. Nilimweleza yote. Alicheka hadi akakohoa.

"Huku kwetu," alisema, "ukiua nyama, muguu inaenda kwa mwenye pori. Ukimupelekea mutu muguu mara mbili, tatu, umemupa pori. Dada yangu anapeleka muguu!" Kisha akaacha kucheka, akatafuta viatu vyake.

Siku ya shefu tulisimama kwenye kijito, majirani wote wamekuja. Jirani alivaa koti. Alinisalimu kwanza.

"Bwana Diplome, karibu. Leo utatusomea nini?"

"Leo nimekuja kusikia, Papa."

Shefu alipouliza kilima chetu ni cha nani, jirani alinyoosha mkono wake taratibu kuelekea kwa mama.

"Mimi sina maneno mingi. Mumuulize Mama huyu: kila mavuno analeta maharagi kwangu, ao haleti?"

"Naleta," mama akasema. Nilimwona akimtafuta rafiki yake kwa macho, na rafiki yake akitazama maji.

Watu wakaanza kunong'ona. Nilitaka kusema habari za wale mabwana na kuku wao, lakini mama alikuwa ameshageuka na kuanza kupanda kwenda nyumbani. Nilidhani analia. Alirudi na bidon ya njano, iliyokuwa bado kwetu, akaondoa kifuniko chake mbele ya shefu na kuigeuza juu chini. Hakikuanguka kitu.

"Papa, bidon yenu njo hii. Iko bure. Kama kilima iko yako, unifukuze leo."

Mjomba akasogea mbele hatua chache.

"Na useme pia nani alikupatia," akamwambia jirani. "Mimi nilikuwa hapa shemeji yangu akipewa. Wewe sikukuona."

Jirani alimtazama mjomba, akamtazama shefu. Angeikataa bidon, angekuwa anadai kilima, na angelazimika kutaja aliyempa. Aliipokea, na kwa kuipokea tupu akakubali mbele ya wote kwamba hakuna mutulo anaodai. Akaishika chini ya koti kama mtu anayeficha kuku, na shefu akasema tuendelee na shamba linalofuata.

Kilima kimebaki chetu. Sijui hadi leo kama mke wa jirani alijua alichokuwa akikibeba kila juma. Mama anasema hakujua. Mimi nasema mtu aliyetazama maji vile alijua. Jumapili iliyofuata alihamia benchi la mbele, na mama akabaki na nafasi tupu ubavuni mwake ambayo hataki niikalie.

Maziwa sasa tunanunua sokoni Masisi. Wiki iliyopita nilimsindikiza mama. Mwanamke mmoja alimfungulia ndoo, mweupe wa meno, mpole, akamwongezea kikombe cha bure juu ya kipimo. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumshuku mtu, alikirudisha kile kikombe ndani ya ndoo.

"Hapana, dada," alisema. "Kwanza uniambie, ngombe iko ya nani?"