Mwaka Tuliong'oa Muhogo

Kisamvu kibichi kikitwangwa kina harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine. Ni ya majani, lakini ndani yake kuna uchungu kidogo kama wa chuma kilicholowa, na ikipanda puani inakaa. Juzi nilikuwa natwanga uani kwangu hapa Nyegezi, majani yakapungua, nikaenda kuongeza kwenye miti minne ya muhogo niliyopanda nyuma ya jiko. Nilipovuta tawi wakaruka wadudu weupe, wadogo kama punje ya unga, wakazunguka hewani kidogo, wakarudi kujificha chini ya majani. Nikasimama pale na ungo mkononi mpaka mwanangu akauliza kama nimeumwa na kitu. Sikuumwa. Nilikuwa nimerudi Ukerewe, nina miaka tisa.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nansio, karibu na ziwa. Nakiita chetu, lakini hakuna aliyezaliwa pale. Serikali ilituhamishia pale sote, kila familia kutoka huko ilikokuwa, tukapangiwa viwanja kwa mstari kama watoto wa shule paredi. Baba alikuwa kibarua Mwanza mjini, anakuja na meli akipata ruhusa. Kwa hiyo nyumba, shamba na sisi watoto wanne tulikuwa mikononi mwa mama.

Siku ya kuhama watu walibeba vitanda, vyungu, kuku, wengine hadi milango. Mama alibeba mbegu ya muhogo. Kwa asiyejua, mbegu ya muhogo si punje, ni mti wenyewe: unakata shina, unalibeba, ukifika unalikata vipande vya shibiri moja unachomeka ardhini. Mama alienda na kurudi mara tatu na mizigo ya vijiti kichwani. Watu walimcheka njiani.

"Mama Vero, unahama na kuni?"

"Wewe kalalie kitanda chako," mama akajibu, "njaa ikija utakitafuna miguu."

Mvua ilipoanza, wenye vitanda wakaja mlangoni mmoja mmoja, wanakohoa kwanza. Mama akawapa. Kwa wazee wetu mbegu haiuzwi na mtu hanyimwi. Anayekunyima mbegu ni kama amekuombea njaa. Mama aliongeza na la kwake la kanisani, kwamba Mungu akikujazia viganja viwili, kimoja ni cha jirani. Kila msimu wa kupanda alifunga mizigo kwa kamba za katani, na mimi nikatumwa kuipeleka.

Sasa nieleze tulivyokuwa tunalila lile shamba, maana kosa letu lilikuwa hapo na hakuna aliyeliona. Muhogo hauvunwi wote siku moja. Ukitaka kupika unakwenda kung'oa miti miwili, mitatu. Na mama mwenye watoto wanne atang'oa ipi? Iliyonenepa. Unatikisa shina, ardhi inapasuka, muhogo unatoka mnene kama mkono wa mpiga makasia, mnafurahi. Ile iliyodumaa, yenye majani ya mabaka ya njano yaliyojikunja kama sikio la mbuzi, unaiacha. "Hiyo bado, iache ikue." Mashina ya ile mizuri yanatupwa pembeni, yanakauka, yanapikia uji. Mvua ikija, shambani kumesimama nini? Iliyodumaa. Hiyo ndiyo tunayoikata mbegu, na hiyo ndiyo tunayowapa watu.

Sisi watoto tulikuwa tunawapenda wale wadudu weupe. Tuliwaita unga wa bure. Tulipita katikati ya mistari, kila mtu anatikisa tawi lake, tunashindana nani atafanya wingu kubwa. Mwaka kwa mwaka mawingu yalizidi kuwa makubwa, na mihogo ikazidi kuwa midogo, mpaka ikafika mahali unang'oa mti mzima unapata vidole. Wakubwa walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni jua. Wengine walisema udongo wa kijiji kipya umetukataa. Wengine walisema kuna mtu ana jicho, wakaangaliana.

Mwaka niliofikisha miaka tisa akahamia Mama Anastazia, kiwanja cha juu yetu, shamba lake limepakana na letu. Alikuwa mwanamke mrefu, anacheka kwa sauti, na binti yake Anastazia akawa wa dawati langu. Alifika mikono mitupu. Mama akampa mzigo wa mbegu, na mimi nikaupeleka. Akapanda. Ukachipua na mabaka. Haukupita muda kaka yake akaja kutoka Sengerema na mzigo mwingine, mashina manene yenye ngozi safi, na Mama Anastazia akang'oa mbegu yetu yote akapanda ya kaka yake.

Habari hiyo ilifika kwetu kabla ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe alikuja jioni kujieleza, akasimama mlangoni, hajakaribishwa kukaa.

"Dada, usinichukie. Ulinipa kwa moyo. Lakini muhogo wako umekunja uso kabla haujatoka ardhini."

"Basi nirudishie vijiti vyangu," mama akasema, "nikapikie uji."

Mama Anastazia akadhani ni utani, akacheka. Mama hakucheka.

Baada ya hapo akaja bwana shamba na baiskeli yake. Tuliitwa mkutanoni nje ya ofisi ya kijiji, wakubwa kwenye magogo, sisi watoto chini. Alikuwa kijana mwembamba, soksi zimepandishwa hadi magotini. Alishika tawi la muhogo, akaligeuza, akatuonyesha wale wadudu. Akasema ni inzi weupe, na ugonjwa unaitwa batobato. Akasema mdudu ananyonya maji ya jani linaloumwa, kisha anakwenda kunyonya jani zima, na kuliacha na ugonjwa.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. "Bwana shamba, huyu asiyejaza hata tundu la sindano ndiye anamaliza shamba?"

"Mbu naye ana ukubwa gani, mzee? Na homa yake unaijua."

Watu wakacheka, mzee akakaa. Bwana shamba akaendelea. Mdudu ni tarishi tu, alisema, ugonjwa wenyewe unakaa ndani ya mti. Ukikata mbegu kwenye mti mgonjwa umepanda ugonjwa. Akasema dawa ni moja: ng'oeni, chomeni, ngojeni mbegu safi italetwa.

"Na mpaka iletwe tule nini?" akauliza mwanamke mmoja. "Tule mkutano?"

Hapo ndipo mkutano ulipovunjika. Hakuna aliyeng'oa. Muhogo mgonjwa ni bora kuliko kutokuwa na muhogo, na kulikuwa na agizo la kila kaya kuwa na ekari moja ya zao la njaa, balozi wa nyumba kumi anapita kukagua.

Tangu siku ile mama akanyamaza. Alikuwa mtu wa kuimba akipalilia, akaacha. Alikuwa akikutana na Mama Anastazia kisimani anainamisha kichwa kama anatafuta shilingi iliyoanguka. Jumapili kanisani alihama benchi letu la siku zote akakaa nyuma kabisa. Mimi nikajua, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba mama ana hasira na yule mwanamke aliyemwaibisha. Na mimi ni mtoto wake. Nikaona si haki shamba la juu linawaka kijani na letu limejikunja.

Mungu anisamehe, lile somo la bwana shamba nililishika vizuri. Mchana upepo wa kwetu unatoka ziwani unapanda juu. Nikangoja mama aende shamba la kijiji, nikachukua kanga yake kuukuu, nikaanzia mstari wa chini karibu na matete. Nikawa napunga kanga juu ya majani, wale wadudu wanainuka, upepo unawachukua, nami nawafuata kwa nyuma kama anayeswaga mbuzi. Ili nisiogope nikawa naimba wimbo wa Kwaresima, huo ndio ulionijia. Nilifanya hivyo siku tatu.

Hazikupita wiki nyingi Anastazia akaniambia darasani, "Na wetu umeanza mabaka." Alisema tu, kama mtu anayekwambia kuku wao ametaga. Nikainamia kitabu. Siku ile sikula, na nyumba yenye uhaba wa chakula ikafurahi kwamba kuna mmoja hali.

Kesho yake asubuhi mama akachukua jembe akaanza kung'oa shamba letu. Lote, mstari kwa mstari, pamoja na miti iliyokuwa na vidole viwili vitatu ambavyo tungeweza kuchemsha. Nilidhani amegundua. Nilisimama nyuma ya nyumba nikasali rozari kwa vidole kwa sababu sikuwa nayo.

Balozi alifika mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Mama Vero! Agizo ni ekari moja ya muhogo, wewe unang'oa?"

"Ingia, balozi. Ukiona muhogo humo nionyeshe."

Akatazama lile rundo, akajikuna shingo, akaondoka. Mama akalichoma. Moshi wake ulikuwa mweupe na mzito, unawasha macho, ukakaa juu ya kijiji hadi jioni.

Halafu akafanya jambo ambalo kijiji kizima kililisema. Alipomaliza kwetu alipiga hodi nyumba ya pili, akawaomba wamruhusu awasaidie kung'oa. Walikataa kwanza. Akakaa kizingitini. Alirudi kesho, akakaa tena, jembe mapajani, mpaka wakachoka kumwona. Kisha akaenda nyingine. Zingine alizipita bila hata kugeuza shingo, ingawa mashamba yao yalikuwa na mabaka kama yetu. Watu walisema amerukwa na akili kwa sababu ya baba kutokuwepo. Wengine walisema anatafuta ukatibu wa akina mama. Mimi nilikuwa namfuata nikikusanya matawi, na kila nyumba naona ni dhambi yangu inayozunguka kijiji.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Anastazia. Mama alisimama pale mpakani, mikono imechubuka.

"Nimekuja kukusaidia."

"Kuharibu?" akauliza Mama Anastazia.

"Kuharibu."

Mama Anastazia alimwangalia sana. Halafu akaingia ndani akatoka na jembe lake, na wakang'oa ule muhogo wa Sengerema wote, bega kwa bega, hadi saa ya kula. Chakula kilikuwa michembe, viazi vilivyokaushwa, na ndiyo tuliyokula karibu mwaka mzima hadi lori la mbegu lilipofika. Mpaka leo michembe sinunui.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ile nikashindwa kuendelea. Nikamwambia mama kila kitu: kanga, upepo, siku tatu, hata ule wimbo. Nilitegemea fimbo. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mkutano, kicheko kilichoishia kama kikohozi.

"Hao wana mabawa yao, mwanangu. Hawakukungoja wewe. Inua jembe hilo, linaburuzika."

Nikafurahi kusamehewa, nikaacha kufikiri. Hivyo ndivyo watoto walivyo.

Nilikuwa tayari na watoto watatu nilipoanza masomo ya jioni hapa Mwanza. Shule ya mchana nilikuwa nimeiachia njiani. Jioni moja mwalimu akatugawia kijitabu cha kilimo tusome kwa sauti, kila mtu aya yake. Aya yangu ikawa ya batobato. Nikasoma kwamba inzi mweupe hueneza ugonjwa, lakini mara nyingi shamba jipya huanza kuugua kwa mbegu iliyokatwa kwenye mti mgonjwa. Nikanyamaza hapo. Mwalimu akadhani neno limenishinda, akanitamkia taratibu. Wenzangu wakasubiri.

Nilikuwa nahesabu nyumba. Yule ambaye mama alimkalia kizingitini alichukua mizigo miwili. Yule mzee wa mkutanoni alichukua mmoja, mkewe akanipa karanga. Kwa balozi hatukuingia. Mbegu yake ilitoka kwa shemeji yake. Kwa wale wa kona hatukuingia. Walikuja na ya kwao. Lakini zile saba tulizoingia nilizijua zote, na mbwa wao nawajua, kwa sababu kila mmoja wao mimi ndiye niliyempelekea mbegu ya mama.

Pale mkutanoni mimi nilisikia habari ya mdudu. Mama alisikia habari ya mti. Kumbe ile haikuwa hasira. Alikuwa anashindwa kumwangalia mtu aliyempa ugonjwa akidhani anampa chakula. Hakumweleza yeyote, hata mimi niliyekuwa naye. Alichukua jembe akapita nyumba zake zote saba, akaacha ya Mama Anastazia iwe ya mwisho, maana ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.