Ufunguo wa Bi Mwanakombo

Utotoni mwangu kule Majengo, jua likifika utosini hakuna aliyesogelea kisima chetu. Tuliambiwa saa hiyo jini mwenye kisima huwa anaoga, na atakayetumbukiza ndoo ataanguka papo hapo. Hata wanaume waliojigamba barazani asubuhi nzima, adhuhuri walipita upande wa pili wa njia.

Mtaa ulikuwa na mkubwa wake, Bi Mwanakombo. Hakuchaguliwa na mtu wala hakuwa na ofisi. Alisuluhisha wagomvi, aliosha maiti wa kike, na kisima kikitaka kusafishwa, yeye ndiye aliyefukiza ubani na kupiga hodi kwanza. Alikuwa mkali kweli, nami nilimpenda. Hata leo nikinusa ubani humkumbuka yeye kabla ya harusi yoyote.

Siku moja mifereji ilikauka mtaa mzima. Mdogo wangu, Athumani, alikuwa na homa, macho yamemgeuka. Mama alitaka maji ya kumkanda, na nyumbani hapakuwa na hata tone. Majirani walijaa mlangoni. Pole tulizipata tele. Maji hakuna aliyetuletea. "Ngojani jua lipinduke," walisema.

Bi Mwanakombo aliingia, akamgusa mtoto kipajini, akauliza ndoo iko wapi.

"Saa hizi, Bi?" Mama alishtuka.

"Mtoto yuawaka moto, mwanangu. Nishikia ufunguo wangu wa nyumba. Nisiporudi, kuku wangu wape maji jioni."

Mama, mikono yake imemkumbatia Athumani, alinipa mimi ule ufunguo. Nikatoka nao mpaka kizingitini. Bi Mwanakombo alivua viatu kando ya kisima, akapiga hodi, akasema kwa adabu, "Niwieni radhi, wenyewe. Nna mgonjwa." Kisha akateka.

Hakuanguka. Athumani alipona, na sasa anauza ndizi Marikiti na kunifokea kwenye simu utadhani ndiye aliyenizaa. Kisima kimefukiwa, na Bi mwenyewe tulishamzika.

Athumani husema bibi yule hakuamini mambo ya majini, ndiyo maana akathubutu. Mimi humkatalia. Yeye alikuwa amelala, hajui. Ufunguo niliushika mimi, nao ulikuwa umelowa jasho la mkono wa bibi yule. Bi Mwanakombo aliamini kuliko sisi sote, na akaenda.