Mpira Uliopita Karibu na Eksozi

Gereji ile ilikuwa ya kaka na dada, na kila aliyepeleka gari pale alijua nani kati yao mwenye akili za mikono na nani mwenye mikono tu. Dada aliitwa Rejeta, kwa sababu injini ikichemka hakuna aliyemfikia. Kaka yake walimwita Nyundo, na hilo halikuhitaji maelezo. Mafundi wote waliowahi kufanya kazi naye aliwapiga, na Rejeta mwenyewe alikuwa na kovu juu ya nyusi tangu siku alipochelewa kumpa bisibisi.

Asubuhi moja daktari wa meno mstaafu aliwaletea gari lake la mbio la zamani, la milango miwili, lililokuwa likichemka kila likipanda kilima. Rejeta alifungua boneti, akaingiza kichwa, akaguna. Aliyeifunga injini ile aliupitisha mpira wa maji ya moto vidole viwili tu kutoka kwenye eksozi, lile bomba la moshi, kisha akaupandisha juu kuliko rejeta, hewa ikawa inanasa pale kwenye nundu. Ubavu mmoja mpira ulikuwa umeiva, unabonyea kama ufizi.

"Kaka, huu mpira unataka njia nyingine. Niushushe, niupitishe pembeni huku, halafu niweke mahali pa kutolea hewa."

"Uache ulivyo. Toa rejeta, imekufa hiyo."

"Rejeta nzima, kaka."

"Mkubwa hapa nani?"

"Mkubwa ni wewe. Lakini ubovu uko kwenye mpira."

Kofi lilimkuta bado ameinama. Paji lake likajigonga kwenye ukingo wa boneti, damu ikamtiririka puani. Kabla hajainuka, Nyundo alikwapua kipande cha mpira wa zamani sakafuni, akamchapa nacho mgongoni, mara mbili, mara tatu, akihema. Miaka thelathini Rejeta alikuwa akipigwa na kunyamaza. Siku hiyo mkono wake ulikuwa na spana namba kumi na tisa. Akageuka, akampiga nayo mkononi, mfupa ukalia.

"Jamani, jamani," alisema daktari, amejibanza nyuma ya rundo la matairi.

Nyundo aliukumbatia mkono wake, macho yamemtoka. "Ngoja nikuonyeshe!" Akaingia garini, akawasha, akakanyaga mafuta hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Mshale wa joto ukapanda. Akashuka injini ikiunguruma, akainama juu yake. "Haya, ubovu wa mpira uko wapi? Uko wa—"

Mpira ukapasuka. Maji yaliyochemka yakamvaa usoni na mvuke ukawafunika wote. Kilio alichotoa Nyundo kiliwatoa watu dukani ng'ambo ya barabara.

Rejeta alimshika mkanda wa suruali, akamburuta hadi kwenye pipa la maji. Nyundo, haoni kitu, alidhani anamalizwa. Akarusha ngumi ovyo, moja ikamng'oa dada yake jino. Rejeta alimkandamiza kwa uzito wake wote, akamzamisha uso, akamtoa, akamzamisha tena, huku analia na kumtukana.

"Tulia, mpumbavu wewe! Tulia, kaka yangu!"

Daktari alikwenda kuzima injini.

Nyundo alilazwa wiki tatu, na jicho la kushoto halikurudi. Rejeta, mdomo umevimba, alifanya ile kazi peke yake kwa siku mbili: mpira mpya ukapita pembeni mwa injini, ukashikwa kwa vibano vitatu ili usicheze, na pale juu akaweka kijibomba cha kutolea hewa chenye koki. Daktari alipanda kilima mara tatu mfululizo. Mshale haukusogea.

Nyundo aliporudi, ngozi ya shavu imekuwa ya waridi, siku ya kwanza tu aliinua mkono kwa sababu ya jeki iliyowekwa vibaya. Rejeta hakurudi nyuma.

"Shusha."

Akaushusha. Msamaha hakuomba, na hata leo hajaomba, ila tangu hapo hajamgusa.

Watu humsifu Rejeta kwa kumwokoa kaka yake. Yeye hubadilisha mazungumzo. Aliyewahi kuambiwa naye ni mimi tu, mwenye duka la ng'ambo: mara ya mwisho alipomzamisha, Nyundo alikuwa ameshatulia, naye akaendelea kumshikilia chini, hadi daktari alipomgusa bega.