Panya Viziwi na Matela ya Bariere

Wakati wa vita, mji wote wa Bunia ulikuwa unashukiana, na mimi nilishuku hata panya.

Nilikuwa nalisha panya weupe kwenye laboratwari ya profesa mmoja, muzee aliyesoma Ulaya. Alisema ni viziwi tangu kuzaliwa. Siku ya kwanza nikapiga meza kwa kiganja, wote wakaruka. "Profesa, hawa panya wako ni waongo!" Muzee akacheka mpaka machozi. Akaweka kasha lao juu ya kipande cha matela, godoro laini la sponji, akaniambia nipige tena. Hakuna hata mmoja aliyetikisa sharubu. Kumbe ni meza iliyokuwa inawaambia, kupitia miguu.

Alichokitafuta kilikuwa chini kabisa ya ubongo, karibu na shingo, pale inapopita njia ya sauti. Kuna chembe zinazosema "amka", alinieleza, na nyingine zinazosema "tulia", na hilo neno "tulia" linaingia kwa vipokezi, milango midogo sana. Kwa panya mchanga milango hiyo ni mizito, inachelewa kujifunga, inakomaa akikua. Yeye alitaka kujua kama kwa kiziwi, pasipo sauti ya kuifundisha, inabaki ya kitoto. Aka! Watu wanachinjana huko Bogoro, muzee anatafuta milango kwenye kichwa cha panya. Nilishuku anaficha jambo. Lakini nilimsikiliza vizuri, maana mudogo wangu, binti niliyemlea mimi mwenyewe, naye alizaliwa kiziwi.

Mapigano yalipoingia kwenye mtaa wetu, tulikimbia sisi wawili kwa njia ya Komanda, matela kichwani. Bariere, kizuizi cha njia, ilikuwa gogo na pipa tupu. Vijana wenye bunduki walimtaka kila mutu asalimie kwa luga ya kwao, wajue ni wa upande gani. Mimi, mzaliwa wa mbali nisiye wa upande wowote, nikasalimia kwa luga ya kwetu, wakaniachia. Mudogo wangu akawatazama tu midomo.

"Huyu iko naficha luga," akasema mkubwa wao.

"Ni kiziwi, shefu. Tangu kuzaliwa."

"Bote banasemaka vile."

Akapita nyuma ya binti, akapiga pipa kwa rungu. Ardhi ikatetemeka. Mudogo wangu akageuka.

"Si unaona? Iko nasikia! Muongo weye!"

Watu kwenye mstari wakasogea mbali nasi, hata jirani tuliyekunywa naye chai asubuhi. Bunduki ikakokiwa. Nikapiga magoti.

"Ni miguu, shefu! Asimame juu ya matela, halafu jaribu tena. Akigeuka, utuue wote wawili."

Alinikazia macho, akitafuta mtego uko wapi. Tukatandika matela, mudogo wangu akapanda. Sikuthubutu kumfanyia ishara; kidole kimoja tu, wangesema ni alama za majasusi. Yesu wangu, nikaomba, asigeuke hata kwa nzi.

Pipa halikupigwa. Yule mkubwa alirudi nyuma ya mudogo wangu, akafyatua risasi hewani.

Tulianguka chini sote, hata vijana wake wawili.

"Mupite," nikasikia sauti yake.

Nikainua macho. Mudogo wangu alikuwa bado amesimama juu ya matela, anatupitishia macho mmoja mmoja tulivyolala. Uso ukamharibika. Akanigeukia, akaniuliza kwa mikono: mumekufa wote?